Filamu ya Mjomba na Kitabu Chenye Madoa

Kitabu cha upigaji picha na uoshaji wa filamu kilikuwa kimepoteza jalada. Mzee alikishona mgongo kwa uzi wa viatu, na kurasa za katikati zilikuwa na madoa ya kahawia ya dawa, hasa ukurasa wenye jedwali la joto. Kilikaa rafuni katika studio yake ya picha ya Walukuba, Jinja, Uganda, kati ya kipimajoto na redio. Mwaka 2014 nilimpelekea kamera ya Pentax K1000 ya marehemu mjomba, filamu ikiwa bado ndani na namba ya kuhesabia picha ikiwa 22. Mzee hakuigusa kamera. Alishusha kitabu kwanza.

"Filamu hii ni moja, mwanangu. Haioshwi mara mbili."

Kurudisha filamu kwenye mkebe wake si kazi: unabonyeza kitufe kilicho chini ya kamera, unazungusha mpini mdogo wa juu mpaka usikie umelegea. Safari hii mpini ulizunguka nusu duara ukagoma. Filamu iliyokaa miaka mingi kwenye unyevu wa kando ya ziwa hushikana tabaka kwa tabaka, na ukilazimisha inakatika au inachanika matundu ya pembeni. Kitabu kilisema acha hapo hapo, ifungulie gizani.

Chumba cha giza kilikuwa stoo. Tuliziba chini ya mlango kwa blanketi, tukazima taa, tukakaa dakika tano na karatasi nyeupe mkononi. Kama baada ya dakika tano unaiona karatasi, chumba hakijawa giza. Tuliiona. Mwanga ulikuwa ukipenya kwenye tundu la ufunguo, nalo likazibwa kwa kipande cha sabuni.

Gizani Mzee alifungua mgongo wa kamera, akakata filamu kwenye mdomo wa mkebe, akaifungua taratibu upande wa pili, akishika kingo tu. Pembe mbili za mwanzo alizikata kwa mviringo ili zisikwame kwenye reli ya plastiki, yaani gurudumu la kuzungushia filamu ndani ya tangi lisiloingiza mwanga. Reli ilikuwa imeanikwa juani tangu asubuhi, kwa sababu tone moja la maji, au jasho la kidole, linatosha kuigandisha filamu katikati ya njia. Filamu ilipoingia yote, tangi likafungwa, taa ikawashwa, na hapo tu ndipo tulipousoma mkebe: Ilford HP5 Plus, picha 36. Maana yake ndani ya mkebe kulibaki kipande ambacho hakijapigwa, chenye umri uleule na kilichopita katika joto lilelile. Hicho ndicho kingekuwa cha kujaribia.

Dawa ya kwanza, ya kutokeza picha, tuliichanganya wenyewe kwa fomula ya D-76, ambayo nayo ilikuwa kitabuni: metoli gramu 2, sodiamu salfaiti gramu 100, haidrokwinoni gramu 5, boraksi gramu 2. Unaanza na maji mililita 750 yenye nyuzi kama 50, kisha unajaliza mpaka lita moja. Nilipewa mizani nami nikaharibu mara moja, kwa kumimina salfaiti yote kwanza. Metoli ilipofuata ikaelea juu kama unga wa muhogo, ikakataa kuyeyuka hata kwa kukorogwa robo saa. Kitabu kilikuwa kimeonya: metoli haiyeyuki kwenye salfaiti nzito. Unatia chembe ya salfaiti, kiasi cha ncha ya kisu, ili metoli isiharibiwe na hewa. Unayeyusha metoli yote. Ndipo salfaiti iliyobaki inaingia, kisha vingine. Tulimwaga, tukaanza upya. Mzee hakusema neno, ila mizani hakunirudishia.

Kisha jaribio. Gizani tulikata kipande cha sentimita kumi kutoka mkebeni, tukakiosha kwa muda kamili, tukakitia fiksa, dawa inayoifanya picha isiharibiwe na mwanga tena. Kilitoka kijivu, kwa sababu filamu kuukuu hujifunika ukungu hata bila kupigwa. Mzee alikilaza juu ya gazeti. Herufi zilisomeka, akatikisa kichwa kukubali. Zisingesomeka, angeongeza potasiamu bromaidi kidogo kuzuia ukungu, lakini hiyo nayo hula picha zilizo hafifu, kwa hiyo huitii bila sababu. Kipande kingine kilipima fiksa: ukikitumbukiza, unahesabu sekunde mpaka weupe wa maziwa utoweke, na muda huo mara mbili ndio muda wa kufiksi.

Shida kubwa ilikuwa joto. Kitabu kiliandikwa na watu wa baridi, kila kitu nyuzi 20, nasi maji ya bomba yalikuwa 25. (Sura ya mwanga ilikuwa hivyohivyo, imejaa jua la kipupwe lililolala, kuhusu saa sita mchana karibu na ikweta, jua likiwa utosini na macho ya watu yakigeuka mashimo meusi, haina neno.) Jedwali linasema dakika 4 za nyuzi 20 huwa dakika 3 kwa nyuzi 23. Pembeni mwake Mzee alikuwa ameandika kwa penseli muda wa Jinja, miaka na miaka ya kujaribu. HP5 Plus kwa D-76 iliyozimuliwa nusu kwa nusu Mzee aliipa dakika 13 kwa nyuzi 20. Kwa nyuzi 24 penseli ilisema 9.

Lakini kwa filamu ya marehemu hakutaka hesabu ya kukisia. Nilitumwa Masese kwa wauza samaki nikaleta barafu, inanuka sangara, ikawekwa kwenye beseni na chupa za dawa zikasimama ndani yake. Barafu haiingii ndani ya dawa. Siki ya kusimamisha dawa, fiksa na maji ya kusuuzia vilipozwa pia, kwani filamu ikitoka kwenye baridi ikaingia kwenye joto ngozi yake huweza kujikunja mikunjo midogo kama ya matope yaliyokauka.

Dawa mililita 150, maji 150. Unapindua tangi mara nne katika sekunde kumi za mwanzo, unaligonga mezani kufukuza mapovu, halafu mara nne kila dakika. Dakika 13. Siki nyeupe, kipimo kimoja kwa maji vipimo vitatu, nusu dakika. Fiksa. Kusuuza hakukuhitaji bomba linalotiririka: jaza, pindua mara tano, mwaga, jaza, pindua kumi, mwaga, jaza, pindua ishirini, mwaga. Mara ya mwisho ilikuwa maji ya mvua kutoka kwenye pipa, ambayo hayaachi alama za chokaa.

Picha kumi na nane za mchana zilitoka, kijivu lakini nzima. Nne za mwisho, za arusi usiku, zilikuwa nusu. Upande mmoja watu, upande mwingine hakuna kitu, na mstari wa mpaka kati yake umesimama wima. Nikadhani dawa haikufika. Mzee akanionyesha maandishi ya kiwandani kwenye ukingo wa filamu: meusi, makali, mwanzo hadi mwisho. Hayo yakitoka vizuri, uoshaji hauna kosa; tafuta kosa kwenye kamera. Akafungua kurasa za negativu mbovu, ambazo kwangu ndizo zenye thamani kuliko kitabu kizima, akaweka kidole: flashi kwa spidi isiyofaa. Shata ya K1000, yaani mapazia mawili yanayoruhusu mwanga kuifikia filamu, hufunguka nzima mpaka spidi ya 1/60 ya sekunde tu. Ukizidisha, pazia la pili limeshafunika sehemu ya filamu flashi inapowaka.

Nilichukua kamera mezani. Kibati cha spidi kilikuwa bado kwenye 125, yaani 1/125 ya sekunde, kama mjomba alivyokiacha.

Tulichapa zote nne, tukikata pale mpaka ulipo. Bibi arusi yumo katika tatu. Bwana arusi ni bega na mkono wenye saa.