Tulilala wangapi

Alhamisi, usiku. Umeme umekatika tangu magharibi, naandika kwa mwanga wa simu.

Leo nimempeleka binti yangu kuchanjwa surua. Ametimiza miezi tisa juzi. Tulikuwa akina mama sita kwenye benchi la kituo cha afya. Muuguzi alitoka, akatuhesabu kwa macho, akarudi ndani. Akatoka tena, akatuhesabu tena. Nilijua anachowaza. Kichupa kimoja cha chanjo ya surua kina dozi kumi. Ndani yake ni unga mkavu, na ukishachanganywa na maji yake maalumu unadumu saa sita tu, basi, kinachobaki kinamwagwa. Akifungua kwa watoto sita, dozi nne zimepotea, na mwisho wa mwezi ataulizwa zimekwenda wapi.

Alifungua. Nilimtazama akiyavuta yale maji kwa sindano, akayaingiza taratibu, akakizungusha kichupa katikati ya viganja mpaka unga wote ukayeyuka. Akaandika ubavuni kwa kalamu: 8h40. Akakirudisha kwenye kisanduku cha barafu, kisha akaita jina la kwanza. Machozi yalinitoka kabla mwanangu hajachomwa. Mama aliyekaa jirani yangu akanishika goti, akaniambia, "Vumilia, Mama, ni dakika moja tu." Sikuweza kumweleza.

Lava ya volkano ya Nyiragongo ilishuka mjini kwetu Goma, mashariki mwa Kongo, tarehe 17 Januari 2002. Sisi tulikuwa mtaa wa Katindo na haikutufikia, ila ilifunika mtaa wa Birere na kuukata mji katikati mpaka ziwani. Tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda, kama wengine wote, tukarudi baada ya siku chache. Nyumba yetu ya mbao, vyumba viwili, ikampokea mama mkubwa na wanawe, kisha baba mdogo na watu wake. Mdogo wangu alikuwa na miezi minane. Alipofikisha tisa, Mama akamfunga mgongoni akampeleka kwenye chanjo. Siku hiyo watoto walikuwa watatu. Wakaambiwa watatu hawafunguliwi kichupa, warudi wiki ijayo. Wiki iliyofuata chanjo ilikuwa imekwisha.

Jumapili ya Pasaka, tarehe 31 Machi, niliamka na vipele usoni. Nilikuwa na miaka minane, na nilipona. Siku ya kumi na mbili vikamtokea yeye. Nimonia ikamshika kifuani, na hakumaliza wiki.

Kwenye matanga watu walisema mtoto alikuwa mwembamba. Walisema maziwa ya Mama yalipungua tulipokuwa mbioni. Jirani mmoja alisema wazi, Mama yupo anasikia, kwamba surua haimuui mtoto aliyeshiba. Miaka zaidi ya ishirini Mama ameyabeba maneno hayo. Mtoto yeyote akija nyumbani kwetu, kabla hajauliza jina lake, anamtafutia chakula.

Kazi yangu sasa ni kuingiza orodha za wagonjwa kwenye kompyuta: umri, mtaa, amechanjwa au la, siku vipele vilipotokea, amepona au amekufa. Mwaka 2019 nilikuwa bado mwanafunzi. Goma nzima tulikuwa tunanawa mikono na kupimwa joto kila mlangoni kwa sababu ya Ebola, ambayo katika mlipuko ule wa mashariki iliua watu zaidi ya 2,200. Wakati huohuo surua, iliyotangazwa kuwa mlipuko wa nchi nzima mwezi Juni, ilifika Januari 2020 ikiwa imeua zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Hakuna aliyetupima chochote mlangoni kwa ajili ya surua. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Ni kazi hii iliyonifanya nianze kusoma. Nilianza na Peter Panum, daktari kijana wa Denmark aliyetumwa Visiwa vya Faroe mwaka 1846, surua ilipowapata watu zaidi ya 6,000 kati ya wakazi wasiofika 8,000. Vijiji vilikuwa mbalimbali, mashua ikifika kila mtu anakumbuka ni siku gani. Wanaume kumi wa kijiji cha Tjørnuvík walikwenda kuwinda nyangumi Vestmanna tarehe 4 Juni. Tarehe 18 Juni wote kumi wakatokwa na vipele. Siku kumi na nne kamili! Hakuwa na darubini ya kuona virusi, alikuwa na daftari na kumbukumbu za watu. Aligundua pia kwamba wazee walioipata surua ya mwaka 1781 hawakuugua tena, miaka 65 baadaye. Nilipenda sana kwamba ni nyangumi aliyewasaidia kukumbuka tarehe. Sisi kwetu ni Pasaka.

Halafu nikafika kwa Peter Aaby, na hapo nilikesha.

Aaby ni mwanaanthropolojia, naye pia wa Denmark, aliyefika Guinea-Bissau mwaka 1978. Wakati huo wengi waliamini utapiamlo ndio unaoifanya surua iwaue watoto wa Afrika. Mwaka 1979 surua ikaingia mtaa wa Bandim, mjini Bissau, ikakuta watoto wamekwisha pimwa kilo. Kwa hiyo aliweza kutazama: je, waliokufa walikuwa wembamba kuliko waliopona? Hawakuwa. Tofauti ilikuwa nyumbani. Mtoto aliyeugua peke yake katika nyumba alipona mara nyingi zaidi. Vifo vilikuwa vingi kwenye nyumba ambamo watoto kadhaa waliugua pamoja. Maelezo yake ni kwamba anayeambukizwa nje hukutana na virusi kwa muda mfupi, lakini anayeambukizwa na ndugu anayelala naye huvuta pumzi ile usiku na mchana, na ugonjwa humwanza ukiwa na nguvu.

Wapo wanasayansi wanaopingana naye, hasa kuhusu hoja yake ya baadaye kwamba chanjo ya surua huwakinga watoto hata na vifo visivyotokana na surua. Na chakula si kitu kidogo. Mwenye upungufu wa vitamini A huteswa zaidi na surua, ndiyo maana mgonjwa hupewa vitamini hiyo siku mbili mfululizo. Mimi si wa kuamua mabishano yao. Najua tu kwamba nilisoma ukurasa ule nikamwona Mama pale matangani, ameinamisha kichwa.

Mwaka 2023 niliingiza majina kutoka kambi za wakimbizi za Bulengo na Lushagala, hema juu ya mawe ya lava, familia nzima imelala bega kwa bega. Orodha yetu haina safu ya kuandika wangapi wanalala chumba kimoja. Nimeomba iongezwe, nikajibiwa kwamba fomu ni ndefu tayari. Nitaomba tena.

Kuna usiku hoja ya Aaby inanigeukia mimi. Kama haikuwa njaa, ilikuwa pumzi, basi ilikuwa pumzi yangu. Mgonjwa wa surua huanza kuambukiza siku nne kabla ya vipele. Jumatano ile kabla ya Pasaka nilikuwa na mafua na macho mekundu tu, na jioni nilimbeba mgongoni nikimwimbia kwa sababu Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Hakuna mtu aliyeweza kujua. Najiambia hivyo.

Jioni hii, baada ya kula, nimemwambia Mama yote. Nimeanza na wale wavuvi wa nyangumi kwa sababu nilishindwa kuanza na Bissau. Nilipofika kwenye kilo za watoto wa Bandim, akaacha kuchambua maharage.

"Wembamba na wanene?" akauliza.

"Ndiyo, Mama. Sawasawa. Ilikuwa ni wingi wa watu ndani."

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaanza kuhesabu, si kwa sauti kubwa. Mama mkubwa na watoto wake wanne. Baba mdogo, mkewe, mapacha. Baba yenu kwenye mkeka mlangoni. Alikuwa anaonyesha kwa mkono, kana kwamba kile chumba kiko mbele yetu.

"Na wewe na yeye kwenye godoro la dirishani," akasema. "Kwangu alikuwa anakataa kulala. Alikuwa anakutaka wewe."

Nikashindwa kujibu. Akasogea, akamchukua mjukuu wake mapajani, akakunja mkono wa nguo na kutazama pale alipochomwa. Akaniuliza homa ikipanda usiku huu tumpe nini. Nikamwambia homa ya chanjo hii haiji leo, ikija huja kati ya siku ya saba na ya kumi na mbili.

Akaanza kuhesabu siku kwa vidole, kuanzia kesho, Ijumaa.