Chupa ya nne: gran reserva ya 2001

Tangu Novemba napanda ngazi ya mvinyo mwekundu wa Rioja, eneo la Hispania, ambako madaraja hufuata muda wa kukomazwa kabla ya kuuzwa: nilianza na crianza, ya muda mfupi, nikaja reserva, ya muda mrefu zaidi, kisha gran reserva, ya muda mrefu kuliko zote, ya miaka ya karibuni. Ya nne ndiyo niliyoisubiri. Imetoka kwa watengenezaji wa nyumba moja ya Haro, mji wa huko Rioja, ya mwaka 2001, mavuno ambayo Rioja yenyewe iliyapa daraja la juu kabisa. Muhuri wa buluu nyuma ya chupa una maana ya kwamba, kwa kanuni za wakati ule, mvinyo ulikaa pipani miaka miwili na chupani mitatu kabla ya kuuzwa.

Jumatano. Nimeisimamisha wima kabatini. Miaka yote imelala ubavu, kwa hiyo mashapo yanahitaji muda wa kushuka.

Jumamosi, saa mbili usiku. Kizibo kimekatika. Kilikuwa laini kama mkate uliolowa, na kizibuo changu cha kusokota kikakitoboa katikati. Nimemimina polepole kupitia kitambaa cha pamba. Safari ijayo nitatumia kile cha mabapa mawili, kinachokibana kizibo pembeni bila kukitoboa.

Ile ya tatu niliiacha kwenye jagi saa mbili nzima na ikanufaika, kwa sababu ilikuwa bado na ukakasi wa kukunja ulimi. Hii sikuithubutu. Mvinyo mzee ukipata hewa nyingi harufu yake huweza kukimbia, nasi tukabaki na uchachu mtupu.

Juu ya karatasi nyeupe, katikati ni wekundu wa komamanga, ukingoni rangi ya tofali. Harufu ya kwanza ilikuwa ya stoo iliyofungwa muda mrefu, na ngozi yenye unyevu. Shemeji akaisogeza glasi yake kando.

"Subiri kidogo, shemeji," nikamwambia.

Saa mbili na nusu akarudi kunusa, akasema, "Kashata!" Ni kweli kabisa: nazi na sukari iliyoungua kidogo. Hiyo ni kazi ya mwaloni wa Marekani, ambao watengenezaji wa Rioja wameutumia kwa vizazi katika mapipa ya lita 225. Nyuma yake zikafuata tende, karafuu na jani kavu la tumbaku. Ladha ya tunda la tempranillo, zabibu za mvinyo huu, lile lililojaa kwenye crianza, halipo tena.

Kilichonigusa zaidi ni mdomoni. Ukakasi umelainika hadi ukawa kama hariri, ila uchachu bado umesimama imara, nao ndio ulioubeba mvinyo huu miaka yote. Nikayatazama yale mashapo meusi kwenye kitambaa, nikaelewa kitu ambacho chupa tatu za kwanza hazikunionyesha: tanini, yaani kile kinacholeta ukakasi, na rangi hushikamana taratibu, zikawa nzito, zikazama. Ukakasi uliopotea mdomoni, sehemu yake nilikuwa nayo pale mkononi, na wekundu uliopungua ukingoni pia.

Kufika saa tatu na nusu harufu ilianza kunywea. Tulimalizia na mbavu za kondoo, tukiongea kidogo sana.

Chupa ya tano ninayo tayari, ya nyumba hiyohiyo, mwaka 2010. Nitaionja sambamba na crianza, glasi mbili mezani, ili nipime ukakasi kwa ulimi uleule usiku uleule.