Siku moja na katoni ya CD, Kondele, Kisumu

Saa mbili asubuhi. Nafungua duka. Siku nyingine kazi hapa ni kupiga chapa na kujazia watu fomu mtandaoni, lakini leo kuna katoni ya CD ya mwalimu mstaafu kutoka upande wa Ahero: benga, rumba, kwaya, nyingine hazina hata jalada. Anataka zote ziingie kwenye hadidiski moja "bila kupoteza kitu". Kwangu hiyo ni FLAC, mfumo uliotoka mwaka 2001, unaobana faili bila kutupa chembe ya sauti. MP3 hutupa.

Naanza kwa kuchambua. Wengi huiruka hatua hii, nami naiona ndiyo kazi yenyewe. CD ya kiwandani kwa kawaida hung'aa fedha upande wa chini. Iliyochomwa kwenye kompyuta mara nyingi ina kijani au samawati kwa mbali. Stika ya Kenya Copyright Board, bodi ya hakimiliki, kwenye jalada ni dalili nzuri, ila jalada na CD huachana njiani. Na kijani si lazima kiwe wizi, maana msanii wa nakala chache huweza kujichomea mwenyewe.

Saa tatu na nusu, kuosha. Maji ya vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini. Napangusa kutoka katikati kwenda ukingoni, sizungushi. Data imeandikwa kwa mzunguko, kwa hiyo mkwaruzo unaoufuata huo mzunguko hula kipande kirefu, unaoukatiza hula kidogo. Sehemu dhaifu kabisa ni juu, penye maandishi, kwa kuwa alumini iko hapo chini ya vanishi nyembamba tu. Mwalimu kaandika majina kwa kalamu ya wino, kwa mkono wa ubaoni, bahati nzuri bila kukandamiza.

Saa nne na nusu naingiza ya kwanza. Natumia Exact Audio Copy, programu ya kunakili CD ya Mjerumani Andre Wiethoff. CD hubeba sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti, 44,100 kila sekunde, kushoto na kulia, biti 16 kila moja, karibu MB 10 kwa dakika. FLAC huzishusha hadi nusu hivi, kutegemea muziki. Redio ya nyumbani ikikuta doa isiloweza kulisahihisha hubahatisha, wala sikio halijui. Programu hii haikubali kubahatisha: hurudi palepale, isome tena na tena mpaka majibu yakubaliane. Kisha hulinganisha na hazina ya AccurateRip, yaani matokeo ya watu wengine waliosoma CD hiyohiyo. Rumba zilizochapwa Ufaransa zinapita mara moja. Za benga hazimo kabisa, kwa hivyo nasoma kila moja mara mbili na kulinganisha namba za uhakiki, ambazo programu huzikokotoa kutoka kwenye data yenyewe.

Moja inakwama wimbo wa saba. Naihamishia kwenye draivu kuukuu niliyoichomoa kwenye kompyuta iliyokufa, na inasoma hadi mwisho. Draivu hazifanani, na hii ndiyo sababu chini ya meza yangu kuna takataka nyingi ambazo si takataka.

Saa saba: ugali, omena, jua kali.

Saa nane, majina. CD nyingi za muziki hazibebi majina ya nyimbo. Kompyuta hupima urefu wa kila wimbo na kuuliza hazina kama MusicBrainz. Za nyumbani naandika kwa mkono nikiangalia mwandiko wa Mwalimu. Kuna D. O. Misiani, Owino Misiani na Daniel Owino Misiani, wote mtu mmoja. Nisipochagua jina moja, kichezeshi kitampa mzee wanamuziki watatu.

Saa kumi anaingia mwenyewe, nampisha kiti. Namwonyesha picha ya masafa, yaani sauti nene hadi nyembamba, ya CD moja ya kijani. Sauti ya CD inaweza kufika 22 kHz. Hii imekatwa kama kwa panga kwenye 16.

"Jaduong' (mzee), hii ilichomwa kutoka kwenye MP3."

"Si nilikwambia usipoteze kitu, nyathina (mwanangu)?"

"Sijapoteza. Ilipotea kabla haijanifikia. Maziwa yaliyotiwa maji hayawi mazito kwa kubadilishiwa chupa."

Anacheka, kisha anashikilia msimamo: nyimbo hizo hajaziona kwingine. Ana haki. Nikizigeuza MP3 tena zitapungua mara ya pili, kwa hiyo FLAC inafaa hata hapa, ili zisishuke zaidi. Naziweka kwenye folda ya "chanzo MP3", asije mjukuu akaziuza kama za studio. Bei yake napunguza, maana zinahitaji usimamizi mdogo.

Saa kumi na mbili kasoro stima inapotea. Laptopu ina chaji. Kila FLAC hubeba ndani yake namba ya uhakiki ya sauti ya asili, iitwayo MD5, nami naiamuru programu izikague zote zilizo tayari kabla ya kunakili kwenye hadidiski mbili, moja akae nayo, nyingine ampe binti yake.

"Hizi CD nitupe?"

"Usitupe. Zisimamishe wima, mbali na jua."

Ananitumia nusu ya pesa kwa M-Pesa. Nusu nyingine ni kesho, kwaya zikiisha.