Nilivyochagua vyuo vya kuomba masomo ya juu

Orodha za vyuo bora duniani niliziweka kando mapema. Sisemi ni za uongo, ila zinapima mambo ambayo mimi sikuwa na shida nayo. Chuo kizima hupewa nafasi moja, na humo ndani wamo madaktari, wanasheria, wahandisi na wachumi, wote wamefungwa kwenye furushi moja. Mimi nilitaka kusomea maji ya chini ya ardhi: mvua inavyoyajaza, yanavyopita kwenye miamba, na chumvi ya bahari inavyoingia kwenye visima vya pwani vikivutwa kupita kiasi. Kwenye fani nyembamba namna hiyo, chuo chenye jina kubwa kinaweza kisiwe na mtu hata mmoja wa kukusimamia.

Kwa hiyo nilianzia kwenye makala. Nilikuwa na zile nilizozisoma wakati wa utafiti wa shahada ya kwanza mpaka zikachakaa. Nikaangalia nani ameziandika, nani kazinukuu tangu hapo, na waandishi wenyewe wako wapi leo, maana wahadhiri huhama na tovuti ya chuo cha zamani inaweza kuendelea kubeba jina la mtu aliyekwisha kuondoka. Jina la kwanza kwenye makala mara nyingi ni la mwanafunzi, na la msimamizi hufuata nyuma. Nikiona msimamizi mmoja amechapisha na wanafunzi kadhaa tofauti, na wanafunzi hao wametajwa mbele, nilimwekea alama. Yule ambaye jina lake linatangulia kila mahali nilimwendea kwa tahadhari zaidi.

Baada ya hapo lilikuja swali la uzamili au uzamivu, na hapa ndipo nchi zinapotofautiana sana. Marekani idara nyingi humpokea mtu kwenye uzamivu akiwa na shahada ya kwanza tu, kisha humfundisha darasani miaka ya mwanzo, na safari nzima huchukua miaka mitano au zaidi. Ulaya bara kwa kawaida hutaka uzamili kwanza. Uingereza uzamili ni mwaka mmoja wa mbio, na uzamivu ni miaka mitatu hadi minne ambamo unatarajiwa kuingia na swali lako la utafiti mkononi. Mimi swali sikuwa nalo bado. Nilikuwa na eneo ninalolipenda, na hicho ni kitu kingine kabisa. Uzamivu wa Uingereza nikauondoa kwa sababu hiyo, ingawa ulikuwa na watu niliowapenda.

Yakabaki makundi mawili: uzamivu wa Marekani moja kwa moja, na uzamili wa Ulaya. Kwenye hilo la pili nilivutiwa na programu ya pamoja iitwayo GroundwatCH, ambayo mwanafunzi husoma Lisbon (Ureno), Delft (Uholanzi) na Dresden (Ujerumani), na mada yake ni hasa maji ya ardhini na mabadiliko ya tabianchi. Iko chini ya Erasmus Mundus, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili uzamili wa pamoja, kwa hiyo anayepata ufadhili halipi ada na hupewa euro 1,400 kwa mwezi. Ushindani wake ni mkali, na kuna wanaokubaliwa masomo lakini wakanyimwa ufadhili. Nikaiweka kwenye orodha nikijua kwamba bila fedha hizo jibu langu litakuwa hapana.

Habari za ada zilinifundisha kuangalia tarehe ya kila ushauri ninaosoma. Bado wapo wanaosimulia kwamba nchi za kaskazini mwa Ulaya husomesha bure watu wa mataifa yote. Uswidi ilianza kuwatoza wanaotoka nje ya Ulaya mwaka 2011, Ufini mwaka 2017, na Norwei ikafuata mwaka 2023. Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada hadi leo, lakini jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wageni wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Na hata pasipo na ada, ubalozi hutaka uoneshe fedha za kujikimu za mwaka mzima zikiwa kwenye akaunti maalumu. Kwa mtu asiye na fedha hizo, kusoma bure kunabaki kuwa jina tu. Uzamivu wa nchi hizo, kinyume chake, mara nyingi ni ajira: nafasi hutangazwa kama kazi, ina mshahara na mkataba. Niliuhifadhi kama hatua ya baadaye iwapo njia ya uzamili ingefunguka.

Upande wa Marekani kazi kubwa ilikuwa kuwaandikia wahadhiri. Kwenye sayansi za ardhi na maji, kamati ya idara inaweza kukupenda na bado usiingie, kwa sababu hakuna mhadhiri mwenye fedha za mradi za kukulipa. Barua zangu zilikuwa fupi. Sentensi moja juu ya nilichofanya, moja juu ya makala yake na kitu ndani yake kilichonisumbua akili, kisha swali lenyewe: unachukua mwanafunzi mpya mwaka ujao, na una ufadhili? Sikuambatanisha vyeti vyote kama anayeomba kazi ya ukarani.

Wengi hawakujibu, na hilo si tusi. Waliojibu walikuwa wa namna tatu hivi. Kuna aliyesema karibu uombe, bila neno jingine. Huyo nilimhesabu kama hajajibu. Kuna aliyesema hana fedha mwaka huo, nami nikamshukuru kwa dhati maana aliniokolea ada ya maombi. Na kuna waliouliza swali la pili: umewahi kutumia programu gani ya kompyuta ya kuigiza mwendo wa maji, hisabati yako imefika wapi, unaweza kuzungumza wiki ijayo? Hao ndio waliotengeneza orodha yangu.

Kwenye mazungumzo hayo niliomba kila mara kuunganishwa na mwanafunzi anayesoma chini ya mhadhiri huyo, na nikamtafuta pia mmoja aliyekwisha kuhitimu. Wanafunzi hawa ni hazina, mradi uwaulize mambo yanayojibika. Ukiuliza kama msimamizi ni mtu mzuri utaambiwa ndiyo. Niliuliza mnakutana mara ngapi, rasimu inarudi baada ya muda gani, wenzako walimaliza baada ya miaka mingapi, na posho ni ya miezi tisa au kumi na miwili. Hilo la mwisho ni zito kuliko linavyosikika, kwani kiangazi kisicho na malipo ni miezi ya kulipa kodi ya nyumba bila kipato. Nikauliza pia kama msamaha wa ada unagusa ada ndogondogo na bima ya afya, kwa sababu mara nyingine haugusi. Posho ndogo kwenye mji wa bei nafuu iliipita posho nono kwenye mji ambao chumba kimoja kinameza nusu yake.

Kulikuwa na idara moja ambayo mhadhiri wake alikuwa na kila kitu: fedha, mada niliyoitaka, makala safi. Mwanafunzi niliyezungumza naye alinyamaza kidogo kila nilipouliza habari za kumaliza, kisha akahamia kwenye uzuri wa mji. Nikaiacha. Huenda nilimhukumu mtu kwa pumzi tu, lakini miaka mitano ni mingi.

Waandishi wa barua za mapendekezo ndio waliokata ukubwa wa mwisho wa orodha. Kila chuo kina mfumo wake wa kupakia barua, na mwalimu wangu mmoja aliniambia bila kuzunguka kwamba atazishughulikia chache vizuri au nyingi ovyo. Nikachagua chache, na sikuweka hata kimoja cha akiba ambacho nisingekwenda nikikubaliwa. Nikawapa walimu jedwali moja lenye tarehe zote, kuanzia zile za Desemba za Marekani, pamoja na mistari michache kwa kila chuo kueleza kwa nini kimo. Maombi yote yalitumwa kabla ya mwaka kuisha, na tarehe iliyobaki kwenye kalenda yangu ilikuwa 15 Aprili, siku ambayo vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kutomlazimisha mwombaji aliyepewa ufadhili kutoa jibu kabla yake.