Inuka, Ule

Tangu mama yangu apatwe na kiharusi, sura ninayoirudia kuliko zote ni 1 Wafalme 19. Wengi huipenda sura ya 18, moto ulivyoshuka Karmeli na manabii wa Baali wakaaibika. Mimi nakaa kwenye inayofuata. Malkia Yezebeli ameapa kumwua nabii Eliya, naye anakimbia hadi Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake huko, anaingia jangwani peke yake na kuketi chini ya mretemu, kijiti cha jangwani. "Yatosha, sasa, Ee BWANA, uiondoe roho yangu." Kisha analala.

Anayeuguza mtu wa kitandani anaijua hiyo "yatosha". Upande wa kulia wa mama hauna nguvu kabisa. Inabidi ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, asije akapata vidonda. Unaweka mto katikati ya magoti, unavuta shuka la chini polepole ngozi isichubuke. Uji unampa kwa kijiko huku umemwinua kichwa, unangoja ameze ndipo uongeze. Kaka zangu wako Dar es Salaam na kila mwezi wanatuma hela, Mungu awabariki sana, ila hela haimgeuzi mtu saa nane usiku.

Watu wa kanisani walinifariji kwa nia njema. "Ongeza maombi, dada." "Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba." Hili la pili naomba niliseme kwa upendo: halimo kwenye Biblia. 1 Wakorintho 10:13 inazungumzia kujaribiwa, na mlango wa kutokea. Mzigo wenyewe Paulo anausimulia kwenye 2 Wakorintho 1:8, bila kuficha: "tulilemewa mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi." Mtume mwenyewe! Siku niliyousoma huo mstari nililia, na yalikuwa machozi ya nafuu.

Sasa tazama Mungu anavyomtendea Eliya pale jangwani. Hamkemei wala hamuulizi imani yake imekwenda wapi. Malaika anamgusa: "Inuka, ule." Pana mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, anakunywa, anajilaza tena, na malaika anamwacha alale. Anaporudi mara ya pili anasema, "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Safari haikufutwa, bado kulikuwa na siku arobaini hadi Horebu, mlima wa Mungu. Lakini mbingu zenyewe zimekiri kwamba ni kubwa mno kwake, na chakula kimetangulia mazungumzo yote.

Kwangu aliyekuja ni mjane mmoja wa jumuiya yetu hapa Moshi. Alifika jioni na sufuria ya mtori imefungwa kwa kitenge, ndizi zimepondwa laini kabisa, na nyama pia, ili mama aweze kumeza. Hakuanza na neno la kufungua. Alinawa mikono, akamlisha mama, akanipakulia na mimi, kisha akasema, "Mwanangu, nenda kalale. Leo nitamgeuza mimi." Nililala mpaka jogoo wakawika. Asubuhi ndipo tukasoma pamoja Mathayo 11:28, "Njoni kwangu, ninyi nyote msumbukao na wenye kulemewa na mizigo, nami nitawapumzisha," na safari hii mwili wangu nao ulikuwa umelisikia.

Siku hizi Jumanne usiku ni zamu yake, na Alhamisi anakuja mwalimu mmoja mstaafu. Sala ya jumuiya ya Jumamosi imehamia kwetu, viti vinazunguka kitanda. Mama hawezi kuongea, lakini kwenye tenzi anazozijua tangu utoto maneno yanamtoka, mengine mazima kabisa. Daktari hajatuahidi kwamba atatembea tena. Tunaendelea kuliomba hilo, kwa kulitaja.

Kama nawe unauguza mtu nyumbani, niandikie jina lake la kwanza tu. Jumamosi tutamwombea pamoja na mama.