Maji ya mvua yakingwe huko juu, sio kusubiriwa shimoni

Mvua zikianza huku Geita mi silali vizuri, nawaza waliopo kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Ukimuuliza mwenye duara amejiandaaje na masika anakuonyesha pampu, basi.

Hebu tupige hesabu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Mvua kubwa ya jioni moja, milimita 50, kwenye eka moja ni kama lita laki mbili. Sasa duara lako liko bondeni, juu yako kuna eka tano za mteremko, miti ilishakatwa yote kuwa matimba, yale magogo ya kushikilia kuta za shimo, ardhi imekanyagwa na fuso na bodaboda mpaka imekuwa kama sakafu, hapo ni lita milioni moja zimedondoka. Hata nusu izame ardhini, hiyo laki tano inayobaki kwa pampu ya lita 500 kwa dakika ni masaa 16 na ushee bila kuzima. Na watu wako chini wanasubiri nini muda wote huo?

Machi 2008 kule Mererani mafuriko yaliingia kwenye migodi ya tanzanite, na kule kuna mitobozano, huyu na yule wameshakutana chini kwa chini, kwahiyo maji yakiingia kwa jirani na wewe yamekufikia. Walikufa makumi ya wachimbaji. Na 1998, mvua za El Nino, ilikuwa imeshatokea hapohapo! Januari 2024 ikawa Ng'alita, Bariadi, kifusi kikaua watu 22 kipindi cha mvua, maana udongo ukishashiba maji unakuwa mzito na haushikani tena.

Mi nachosema, chimba mtaro wa kukinga maji upande wa juu wa duara, kama makinga maji ya shambani tu, yazunguke yaende zake korongoni yakiwa bado masafi. Mdomo wa duara uuzungushie tuta la udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, na kifusi kipelekwe mbali jamani, hiki cha kumwaga pembeni ya shimo ndo kinachoshuka na maji. Ukiona ufa juu, usiulize, toa watu. Maji ya kwenye marudio, yale mabaki ya mchanga ulioshatolewa dhahabu, yenye zebaki, nayo yawe na bwawa lake, yasichanganyike na ya mvua, ng'ombe na watoto wanakunywa huko chini.

Mwaka jana nilimwambia mwenye duara tulilokuwa tunapiga kazi achimbe huo mtaro, kazi ya vijana wanne siku mbili, akanijibu mtaro hauna dhahabu. Haikupita mwezi upande mzima ukashuka na matimba yote, ilikuwa Jumapili, chini hakukuwa na mtu. Jumamosi yake tulikuwepo kumi na moja.