Kidonge kilekile, mwili wa uzeeni

Shangazi yangu ana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya asikie sauti zisizokuwepo, tangu usichana wake. Haloperidoli, dawa ya ugonjwa huo, imemsitiri miaka mingi, na siwavumilii wanaoziita dawa hizi sumu. Bila dawa, zile sauti zilikuwa hazimpi hata usingizi. Ila sasa amezeeka. Ini na figo za mzee huiondoa dawa polepole, kwa hiyo dozi iliyomtosha ujanani inaweza kumlemea leo bila mtu kuongeza hata kidonge kimoja.

Kwake ilianza na kuinuka. Akisimama ghafla presha inashuka, anaona kiza, anapapasa ukuta. Mzee akianguka hivyo, nyonga inaweza kuvunjika. Siku hizi anakaa kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu chini, anachezesha vidole, ndipo anainuka. Ukimharakisha anakukatiza: "Ngoja damu ipande, mwanangu."

Kisha mdomo. Akawa anatafuna na hali hana kitu mdomoni, ulimi unachungulia na kurudi, mwenyewe hana habari. Ndugu wakasema ugonjwa umerudi. Haukuwa umerudi. Dawa za magonjwa kama wake, hasa zile za zamani kama haloperidoli, zikitumiwa muda mrefu huweza kuleta hali hiyo, na wazee ndio huipata zaidi. Kliniki alikuwa akijikaza, mdomo unatulia, basi nikamrekodi kwa simu akiwa amepumzika nyumbani nikamwonyesha daktari.

Daktari alianza na benzheksoli aliyokuwa akiinywa, ile anayopewa mgonjwa ili haloperidoli isimkakamaze. Mdomo unaochezacheza haiusaidii, huweza hata kuuzidisha, na mzee humvuruga kumbukumbu na kumfungia choo. Akaipunguza kidogo kidogo mpaka ikaisha, halafu polepole akamhamisha kutoka haloperidoli kwenda olanzapini, dawa mpya zaidi ya ugonjwa huohuo, kwa dozi ya chini.

Wapo waliotaka tuziache zote, eti uzee umeshampoza. Nilikataa na bado nakataa. Dawa ikikatwa ghafla, ugonjwa huweza kurudi kwa kishindo, na mzee ana nguvu kidogo za kuinukia tena. Kupunguza ni kazi ya kufanywa na daktari, nyinyi nyumbani mkiangalia usingizi, hatua zake na maneno yake.

Mdomo umetulia kiasi, haujaacha kabisa. Olanzapini nayo hunenepesha na huweza kupandisha sukari, kwa hiyo sasa tunampima uzito na sukari pia. Shangazi analalamika kuhusu sindano ya kidole kuliko kitu kingine chochote.